Ngozi ya Babu Sumaili

Katika familia yetu chai haijaisha mpaka vikombe vigongwe. Mkubwa kuliko wote huinua kikombe chake kitupu, sote tunainua vyetu, kisha tunavigonga chini mara tatu kwa pamoja, juu ya meza kama ipo, juu ya sinia kama haipo, na ndipo watu wanaruhusiwa kuinuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu nilipogundua kwamba watu wengine hawafanyi hivyo. Nilikuwa Maputo, katika bwalo la chuo kikuu, nikamaliza chai, nikagonga, na meza nzima ya wanafunzi wa kusini ikageuka kunitazama kama mtu aliyemwita mhudumu kwa dharau. Mhudumu mwenyewe alikuja, tena amekasirika. Mwezi uliopita, kwenye hitima ya Shangazi Atija hapa Pemba ya Msumbiji, katika ua wa nyumba ya kupanga aliyokimbilia na kufia, tuligonga vikombe vya plastiki juu ya mkeka na havikutoa sauti yoyote. Nikashikwa na kicheko katikati ya msiba. Watu walidhani nalia, wakanipisha, wakanipa leso, na nikiwa nimejiinamia ukutani na leso ya mtu usoni nikaukumbuka mwaka niliopewa kazi ya kuchunguza kama Babu Sumaili alikuwa Frimasoni.

Ulikuwa mwaka niliorudi kwetu Palma na shahada ya historia. Nilikuwa nasubiri kupangiwa shule ya kufundisha, na kusubiri kwenyewe kulikuwa ndiyo kazi yangu. Mtaa mzima uliniita dotori, yaani msomi, kwa heshima wiki ya kwanza na kwa namna nyingine baada ya hapo, kwa sababu walikuwa wananiona kila siku nimekaa kwenye kibaraza cha Shangazi nikisoma, na mtu anayesoma baada ya kumaliza shule wanamhesabu kuwa hakufaulu. Nyumba ilikuwa ya mawe, ya vyumba vitatu, aliyoijenga Babu Sumaili, baba wa babu yangu. Chumba cha mbele tulikiita sala, kama Wareno, na kilikuwa na viti vya mbao ambavyo havikaliwi, saa ya ukutani isiyotembea, na sanduku la mninga lenye misumari ya shaba. Nyumba ilinuka mafuta ya taa, samaki mkavu na udi, kwa zamu, kutegemea saa na mgeni.

Ndani ya sanduku lile ilikaa ngozi. Ilikuwa ngozi ya kondoo, laini, iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ina rangi ya siagi, ndogo kama taulo la mkono, na juu yake ina kipande cha pembe tatu kinachojikunja, na kamba mbili pembeni. Mama wa Palma akijifungua hukaa ndani siku arobaini, na siku ya kumtoa mtoto nje kwa mara ya kwanza, kwetu alilazwa juu ya ngozi hiyo kizingitini, jua limwone. Pembe tatu ile ilikuwa ya kuwekea kichwa, kamba zilikuwa za kumfunga asibingirike. Nani aliyesema hivyo, hajulikani, lakini kifaa kilifaa mno kwa kazi hiyo hata hakuna aliyeuliza kilitengenezwa kwa kazi gani. Wengine walisema Babu alipewa na sharifu mmoja wa kisiwani Ibo. Wengine walisema ilikuwa msala wake wa kuswalia. Kwa msala ilikuwa ndogo sana, ila tuliambiwa Babu alikuwa mfupi. Majirani waliiazima, na majirani wa majirani, na ilirudi kila mara imepakwa mafuta ya nazi na kukunjwa vizuri. Mimi mwenyewe nililazwa juu yake. Nilikuwa mwanahistoria, nimesomeshwa kuuliza kila kitu kimetoka wapi, na sikuwahi kuiuliza ngozi ile swali hata moja.

Shida ilianza siku ya posa ya Zena, binti wa Shangazi. Aliyemposa alikuwa Isufu, fundi wa injini za maboti, kijana mpole ambaye vidole vyake vilinuka petroli hata siku ya Idi. Zena alikuwa amempenda kwa muda mrefu na kwa siri ambayo mji mzima uliijua. Wanaume tulikaa sala, kwenye vile viti visivyokaliwa, na wanawake walikuwa chumba cha pili, na katikati palikuwa na pazia la maua. Baba yake Isufu, mwalimu wa madrasa, alikuwa mtu wa kutabasamu tu. Aliyezungumza nyumbani kwao alikuwa mkewe, Bi Mwanajabu, naye alikuwa nyuma ya pazia. Tulikula wali wa nazi, papa wa mchuzi, mkate wa sinia, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka Baba Mkubwa Bakari, kaka yake Shangazi, alipopata nguvu ya kusimulia.

Baba Mkubwa alikuwa amewahi kuwa karani enzi za Wareno, na alivaa koti siku za joto ili watu wasisahau. Akakohoa, akasema, "Sisi si watu wa juzi. Babu yetu Sumaili aliishi Ibo, na alikuwa ndani ya masonaria. Pamoja na mkuu wa forodha, na daktari, na mkuu wa posta. Watu weusi walifagia nje. Yeye aliingia."

Pazia likauliza, "Masonaria ndiyo nini, Mzee Bakari?"

"Chama cha mabwana, bibi. Wana namna yao ya kupeana mikono. Wanakutana ndani, milango imefungwa, na la ndani halitoki nje."

"Wanafanya nini huko ndani?"

"Hilo hatulijui," akasema Baba Mkubwa kwa fahari kubwa, "maana Babu hakusema mpaka anakufa."

Ni lazima nieleze kwamba katika nyumba ile walikuwa wamekaa watu wa dunia mbili. Kwa Baba Mkubwa na rika lake, masonaria ilikuwa kitu kama klabu yenye umeme. Lakini mwaka ule kulikuwa na banda la video sokoni, na kanda zililetwa na vijana kutoka Mtwara, na katika kanda zile watu wenye suti walipata utajiri kwa kutoa kafara watoto wao, na mwishoni nyoka alitoka kabatini. Bi Mwanajabu alikuwa ameziona nyingi. Alisema hazipendi, lakini alikwenda.

"Hao ndio Frimasoni," pazia likasema. Tukasikia bangili zikiinuka. "Mwalimu Amisi, twende nyumbani. Mwanangu haoi kwenye nyumba ya kafara."

Mwalimu Amisi alitabasamu, akaweka chini kipande cha mkate alichokwisha kukimega, akamfuata mkewe. Isufu alibaki amesimama mlangoni kidogo, kisha naye akaenda. Chai ilikuwa haijamiminwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuona watu wakiinuka katika nyumba ile bila kugonga.

Siku iliyofuata Shangazi aliniita jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kuzungumza polepole, na alikuna nazi kwa hasira bila kubadilisha sauti. "Umesoma historia miaka mingapi?"

"Mitano, shangazi."

"Sasa hii hapa historia. Nenda kaniletee ushahidi kwamba Babu hakuwa mtu wa hao."

Nilipotoka, Baba Mkubwa alinikamata kibarazani. "Usimsikilize Atija. Wewe kalete ushahidi kwamba alikuwa. Tena cheo chake. Nadhani kilikuwa kikubwa." Zena, aliyekuwa akianika nguo, akatuambia kwa sauti bila kugeuka, "Mimi sijali alikuwa nani. Leteni lolote litakalofanya niolewe kabla sijaota mvi." Baba Mkubwa akamkemea kwa kukosa adabu. Zena akakung'uta shuka mpaka maji yakatufikia.

Nilianza uchunguzi kwa njia nilizofundishwa, na nadhani hakuna kilichoidhuru familia yetu kuliko njia hizo. Nilikwenda makaburini na utepe wa kupimia wa fundi cherehani, nikapima kaburi la Babu Sumaili, kwa sababu nilisoma mahali kwamba watu wa vyama vile huzikwa kwa vipimo maalumu. Vipimo vilikuwa vya mtu mfupi. Nilipanda ngazi nikakwangua chokaa juu ya mlango nikitafuta alama ya bikari, nembo yao. Nilipata kiota cha nyigu. Niliwahoji wazee, kila mmoja nikamwuliza maswali yaleyale, na kila mmoja akanijibu kadiri alivyodhani nataka: mmoja alimkumbuka Babu akiwa na gari wakati Palma haikuwa na barabara, mwingine alimkumbuka akiwa na pete iliyotoa moshi. Mwisho wa mwezi mji ulikuwa umeshakata shauri. Babu Sumaili alikuwa Frimasoni, na mimi nilikuwa nimerudi kutoka Maputo kurithi. Ndiyo maana sina kazi na bado nakula. Nilipopita sokoni mama mmoja alimvutia mwanawe nyuma ya sketi. Mwenye shapa, daladala ya kwenda Mocímboa, alinipa kiti cha mbele bila mimi kukiomba, na nilipomshukuru akasema, "Hapana, dotori, nakuomba tu gari langu usilitazame sana."

Isufu alikuwa akipita nyuma ya nyumba jioni na kujifanya anatafuta kuku. Zena alikuwa anamwambia kuku hayupo. Wakazungumza hivyo, Isufu nje ya ukuta wa makuti na Zena ndani, juu ya kuku ambaye hakuwahi kuwepo, na siku moja nikamsikia Isufu akisema mama yake ameanza kumtafutia mtu kule Quionga. Zena aliiacha habari ya kuku. Aliingia ndani, akalala bila kula, na Shangazi akaniwekea nauli mezani. "Nenda Ibo," akasema. "Huko ndiko alikokuwa. Na usipime kitu."

Nilisafiri hadi Awasse, ambako barabara zinakutana na ambako gari letu liliona vema liharibike, nikala korosho na kungoja, kisha nikaendelea kusini na mwisho nikavuka kwa boti mpaka kisiwani. Ibo ya wakati ule ilikuwa na majumba makubwa yasiyo na paa, na mibuyu midogo ilikuwa imeota vyumbani mwa wakubwa. Nikauliza nani amebaki wa zamani, na kila mtu alinielekeza kwa Dona Ermelinda. Alikuwa bibi mdogo kama ndege, binti wa aliyekuwa mkuu wa posta, damu yake nusu ya Goa na nusu ya palepale kisiwani. Alizungumza Kireno cha vitabuni, na akichoka nacho anahamia Kimwani, lugha ya pwani ile. Chumba chake cha kulia kilikuwa na meza ya watu kumi na wawili na mwanamke mmoja. Hakutaka kusikia swali langu kabla ya chakula. "Kwanza tunakula. Mtu mwenye njaa husikia vibaya."

Tulikula samaki wa kuchoma, wali, na saladi ya maembe mabichi, na tulikunywa maji ya ukwaju katika bilauri nene zenye vitako vizito kama mawe ya mizani. Alizungumza juu ya meno yake, juu ya paka wake, juu ya padri aliyepita na asiyejua kuimba. Nilikuwa natafuta namna ya kuingiza neno masonaria bila kumtisha bibi wa watu. Akamaliza maji yake. Akainua bilauri tupu, akaigonga mezani mara tatu, na kabla sijajua ninachofanya nami nilikuwa nimeshagonga pamoja naye, mara tatu, kwa mwendo uleule.

Akaisogeza bilauri kando. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Shangazi yangu."

"Na yeye nani alimfundisha?"

"Sijui. Babu Sumaili, labda."

"Sumaili," akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Sumaili wa supu."

Ndipo nilipoijua historia ya familia yangu, nikiwa na mwiba wa samaki jinoni. Baba yake Dona Ermelinda na wenzake walikuwa na loji, yaani tawi la masonaria, katika nyumba moja nyuma ya ngome, mpaka serikali ya Ureno ilipovipiga marufuku vyama vile. Walikutana, wakala, wakagonga bilauri hizihizi, na vitako vilifanywa vizito makusudi zisivunjike. Ila palikuwa na shida ya chakula. Asiyekula kiapo haruhusiwi kuingia chumbani, na mabwana hawakuwa wanajua kupakua. "Walijaribu," alisema Dona Ermelinda. "Daktari alijimwagia supu mapajani, akakaa nyumbani wiki mbili. Basi wakaona afadhali wamwapishe mpishi. Ilikuwapo nafasi ya namna hiyo katika sheria zao, ndugu mhudumu. Walimwambia aape, akasema yeye ni Mwislamu, ataapa kwa kitabu chake. Akaenda kukichukua nyumbani, wakamngoja, na supu ikapoa."

"Na ndani walikuwa wanafanya nini?" Niliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu wa kanda za Mtwara.

"Mimi na dada yangu tulikuwa tukisikiliza kwenye ufa wa mlango utoto wetu wote. Walikuwa wanabishana juu ya paa. Lilikuwa linavuja. Kila kikao, paa. Wengine walitaka vigae, wengine walitaka mabati. Sumaili alikuwa anapita katikati yao na bakuli, kimya, na tulikuwa tunamwonea huruma."

Akaenda chumbani, akarudi na kitambaa, akakikunjua mezani. "Hii ilikuwa ya baba yangu. Aproni yao. Kila mmoja alikuwa nayo, na kila cheo na mapambo yake." Ilikuwa na utepe wa buluu na nyuzi za dhahabu, lakini umbo nililijua. Ngozi ya kondoo. Kipande cha pembe tatu juu, kinachojikunja. Kamba mbili pembeni. Nikauliza, ingawa nilijua, ya ndugu mhudumu ilikuwaje. "Nyeupe tu," akasema Dona Ermelinda. "Bila kitu. Mbona umebadilika rangi? Samaki alikuwa mzima."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na jibu ambalo halikumfaa mteja wangu hata mmoja. Nilitumwa kuthibitisha kwamba hakuwa, kumbe alikuwa. Nilitumwa kuthibitisha kwamba alikuwa na cheo kikubwa, kumbe alibeba supu. Na kuhusu ngozi, nilifikiria kwa dhati kuitia kiberiti na kusema imeliwa na panya. Nilifika mchana, nikawakuta Shangazi na Baba Mkubwa jikoni, nikasema yote.

Shangazi aliacha kukuna nazi. "Mpishi," akasema.

"Ndugu mhudumu," nikasema.

"Rashidi. Alipika?"

"Alipika."

"Tumekuwa tukisema alifanya biashara ya nta," akasema Shangazi, akitutazama sote bila kumtazama yeyote. "Kwenye kila harusi. Miaka yote. Nta na pembe. Afadhali angekuwa Frimasoni."

"Hilo pia alikuwa," nikasema, na ikawa sikusaidia. Baba Mkubwa alikuwa amekaa juu ya kinu, koti limemshuka mabegani. "Mpishi wa mabwana," alijaribu. Shangazi akamjibu kwamba mpishi ni mpishi, awe anampikia nani. Ndipo nikaitaja ngozi. Shangazi akaosha mikono, akaenda chumba cha mbele, tukasikia sanduku likifunguka. Alirudi ameifunga kiunoni juu ya kanga. Kamba zilifika vizuri nyuma. Pembe tatu ililala juu ya tumbo kama imeshonwa kwa ajili yake. Tulimtazama, naye akajitazama, na kwa muda kidogo tukawa mbele ya Babu Sumaili mwenyewe, anangoja kuambiwa supu ipelekwe.

Zena, aliyekuwa mlangoni, alianza kucheka. Shangazi hakucheka. Alikaa, akaanza kutaja majina ya waliolazwa juu yake. Wewe, Rashidi. Zena. Watoto wa jirani wa kulia. Watoto wa imamu. Mkuu wa shule. Aliendelea mpaka alipofika kwa Isufu, hapo akasimama. Kisha akafungua kamba polepole na kusema, "Zena, chukua samaki wa supu. Rashidi, nenda kamwambie Mwanajabu namwita kula. Mwambie ushahidi umepatikana."

Bi Mwanajabu alikuja kesho yake, peke yake, na maji yake ya kunywa ndani ya chupa. Alikaa mkekani chumba cha mbele, mkoba ukiwa mapajani, akasema ameshakula. Shangazi akasema sawa, akamwekea bakuli la supu mbele hata hivyo. Kisha akaitoa ngozi kwenye sanduku, akaitandaza katikati yao.

"Niliyemtuma ni huyu, na alichoniletea ni hiki," akasema. "Babu alikuwa ndani ya masonaria. Alikuwa mpishi wao. Na hii ilikuwa aproni yake ya humo ndani. Sikufichi."

Bi Mwanajabu alirudi nyuma kidogo, kama mtu aliyeona tandu. Kisha akarudi mbele. Akanyoosha kidole, akagusa doa moja karibu na kamba, akatulia hapo. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikijiandaa kwa nyoka wa kabatini. Kidole hakikutoka pale mpaka supu ikaacha kutoa mvuke.

"Hili ni la Isufu," akasema.

"Najua," akasema Shangazi. "Mlipoirudisha uliniomba radhi."

"Wawili wa kwanza hawakufika arobaini." Alikuwa anasema na doa. "Sikuwahi kuja kuiazima kwa ajili yao. Nilikuwa naiona ikienda kwa wenzangu, imekunjwa. Isufu alipofika, nilikuja mwenyewe, nilikuwa bado natembea vibaya. Ulinipa chai."

"Nilikupa."

"Nikaona mnagonga vikombe, nami nikagonga, nikadhani ndiyo dua yenu."

Hakuna aliyecheka. Akaigeuza ngozi upande wa pili, akaigeuza tena, akaniuliza mimi, kwa mara ya kwanza bila kuniita dotori, "Aliapa kwa kitu gani?"

"Kwa msahafu. Aliuleta kutoka nyumbani."

"Pombe aliwamiminia?"

"Hapana, bibi. Alikataa. Ilibidi mkuu wa posta amimine." Dona Ermelinda alikuwa amenieleza hilo kwenye mlango nikiondoka, na sijawahi kushukuru jambo la pembeni kama lile.

"Na siri yao ilikuwa nini?"

"Paa lao lilikuwa linavuja."

Alinikazia macho aone kama namchezea. Alipoona simchezei, mabega yalianza kumtikisika, na Shangazi naye akashindwa, na wale wanawake wawili walicheka mpaka mkoba ukaanguka na chupa ya maji ikabingirika chini ya kiti. Alipopata pumzi, Bi Mwanajabu alijifuta macho kwa ncha ya ushungi, akavuta bakuli. Akaonja. Akaongeza ndimu.

"Kwa mabwana wa siri siozeshi," akasema. "Kwa mpishi, nitaozesha. Lakini mseme wenyewe. Siku ya nikaha, mbele ya wale wote mliowaambia habari za nta. Nataka mji ujue mwanangu anaoa kwa mpishi, nisije nikaulizwa kila siku sokoni."

Niliona Shangazi akimeza kitu kikubwa kuliko supu. Alitazama saa isiyotembea, alitazama viti vya babu yake, kisha alitazama mlangoni, ambako miguu ya Zena ilionekana chini ya pazia la maua. "Tutasema," akasema.

Aliyesema alikuwa Baba Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyeanza. Alisimama na koti lake mbele ya ua uliojaa, akatamka, "Babu yetu Sumaili alikuwa mpishi," akakaa, akakataa wali. Alikuwa anasubiri aibu. Badala yake mzee mmoja akauliza alikuwa anapika nini, mwingine akasema sasa ameelewa kwa nini mchuzi wa nyumba ile ni tofauti, na kabla ya jioni wanawake wa mitaa miwili walikuwa wakimwomba Shangazi siri ya supu ya Wareno. Hakukuwa na siri yoyote. Shangazi aliitunga usiku huohuo, akaongeza karafuu, na kwa miaka iliyofuata alikuwa akiitoa kwa shingo upande. Mimi nilipangiwa shule Mocímboa mwaka uliofuata na nikafundisha historia. Kitabu nilichokusudia kuandika juu ya loji za pwani sikukiandika. Kila nilipokaa nianze, nilijikuta nafika haraka mno kwenye daktari na mapaja yake.

Haya yote yalinipita kichwani pale ukutani, kwenye hitima, nikiwa na leso isiyo yangu. Nilipoiondoa usoni nikamwona Bi Mwanajabu anaingia uani, ameshikwa mkono na Isufu, ambaye sasa ana kitambi na bado ananuka petroli. Mama yake amekuwa mzee sana. Walipokimbia vita Palma walitembea, kama wengi wetu, na kila mtu alibeba alichoweza. Nilijua wameacha nyumba, jenereta, na mashine tatu za boti. Zena aliwahi kuniambia kwamba mama mkwe wake alibeba kitu kimoja tu, amekifunga mgongoni ndani ya kanga kama mtoto, na hakuruhusu mtu kukipokea. Sikuuliza kilikuwa nini. Kama nilivyokwisha sema, mimi ni mwanahistoria.

Alikaa kwenye mkeka, akaifungua kanga. Mjukuu wa Zena alikuwa amefikisha arobaini yake siku ileile, na hakuna aliyejua kama inafaa kumtoa mtoto kwenye hitima. Bi Mwanajabu hakuuliza mtu. Aliitandaza ile ngozi ya Babu, aliyokuwa ameiazima kabla ya vita, kwenye kizingiti cha nyumba ya watu, akamlaza mtoto, kichwa kwenye pembe tatu, akafunga kamba. Mtoto alikunja uso kwa jua. Akakojoa. Wazee wakasema Atija angefurahi, na nadhani ni kweli, ingawa angeanza kwa kutafuta kitambaa.

Chai ililetwa tena kwa ajili ya waliochelewa. Nilikaa karibu na Bi Mwanajabu, kwa kuwa sasa, Baba Mkubwa na Atija wakiwa hawapo, yeye ndiye mkubwa kuliko wote pale, na sote tulikuwa tunangoja kikombe chake. Alikunywa taratibu, jicho lake kwa mtoto. Kisha akaniinamia.

"Rashidi. Wale mabwana wa Ibo. Paa lao walilitengeneza?"

"Sijui, bibi. Walifungiwa chama bado wanabishana."

"Wanaume," akasema Bi Mwanajabu, akainua kikombe chake cha plastiki, akatungoja tuinue vyetu, akagonga.